Nyuzi Ulizodhani Hukupewa

Mjomba wangu Athumani,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba, Nguchiro," kisha ungeuliza kama nimekula, kwa hiyo nakujibu kabisa: nimekula wali na mchicha, na nimeshiba.

Leo asubuhi sindano ya cherehani imenitoboa kidole. Nilikuwa kibarazani hapa Korogwe mjini, mbele ya duka la vitambaa la Mama Rukhsana, nashona mashati ya shule. Jicho lilikwenda kwa mteja, kidole kikaenda kwenye sindano. Mama Rukhsana, ambaye babu yake alitoka Bara Hindi na yeye Kiswahili chake kimetuzidi sote hapa kibarazani, akanirushia kipande cha kitambaa. "Funga haraka, fundi, usinichafulie nguo nyeupe za watu!" Sikufunga. Nilinyoosha mkono pembeni nikaitazama damu. Tone lilijaa, likatetemeka, likadondoka. Likaja jingine, dogo kuliko la kwanza. Lililofuata lilijikusanya pale juu likakaa, likawa zito, likawa jeusi kidogo, na halikuondoka tena. Mteja akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamwambia hapana, naangalia kazi inavyofanyika. Alinitazama kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kuhamishia nguo zake kwa fundi mwingine.

Simlaumu. Miaka yote ya ufundi nimejichoma sindano na sikuwahi kuona ajabu yoyote. Nililamba kidole nikaendelea. Mwaka huu nimeambiwa kinachotokea pale chini ya ngozi, na tangu hapo kila nikitokwa damu natamani kuita watu waje waone. Wa kwanza ningekuita wewe. Ndiyo maana nakuandikia, na barua yenyewe naiacha wazi, kwa sababu naamini wako akina mama huko Misima na Kwaluguru, na hapa Korogwe pia, wanaolea watoto kama wewe na hawajui.

Nakukumbuka umekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Bibi, Kwaluguru, mguu mmoja umeunyoosha, unasokota kamba za katani. Mama yangu, dada yako, alikuwa akitafuta maisha Tanga, kwa hiyo mimi nililelewa na mama yenu. Watu walikwenda shamba, sisi wawili tukabaki, mimi kwa udogo wangu na wewe kwa ajili ya magoti. Goti lako la kulia lilikuwa na mambo yake. Ulilala mzima, ukaamka limevimba kama boga, la moto, hulisogezi, na hakuna aliyekugonga. Likipoa lilibaki gumu kuliko mwanzo. "Leo mwenzangu kaamka vibaya," ulikuwa ukisema, ukilipapasa kama vile lina masikio.

Kilichowachanganya watu ni kwamba ukijikwaruza, damu ilikoma kama ya mtu yeyote. Ulijikata ukinyoa ndevu, ikakoma. Basi wakasema Athumani mvivu huyo, goti lake linajua msimu wa kulima. Lakini mimi nilikuwepo siku panga lilipoteleza likakupasua kiganja. Damu ilikoma, tukashukuru, Bibi akafunga kitambaa. Kesho yake ikaanza upya, polepole, ikalowesha kitambaa baada ya kitambaa, na siku zilizofuata hivyo hivyo. Bibi alikaa na wewe akiwa ameuinua mkono ule juu, ameushika kwa mikono yake yote miwili. "Huyu ana damu nyepesi," alisema. Hilo ndilo jina pekee la ugonjwa wako nililolisikia nikikua.

Hukutiwa jandoni. Hilo kijiji kizima kililijua, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Wavulana wa rika lako walipopelekwa kumbini, Bibi alikuficha kwa ndugu zake Misima mpaka wenzako wakatoka. Mwanawe wa kwanza, kaka yako, alikwenda huko kumbini na hakurudi. Bibi hakueleza sana. Alisema tu kwamba mwingine hampi ngariba, na wazee walipokuja kumsihi walimkuta kakaa mlangoni na hakuwapisha. Kwa hiyo ukawa mtu mzima ambaye machoni pa watu bado ni mtoto. Na kwa kuwa kwetu kilichochinjwa na mtu asiyetahiriwa hakiliwi, hakuna aliyekuletea hata kuku. Akija mgeni na wanaume wengine wako shamba, Bibi alimkumbatia jogoo kwapani akaenda naye mpaka nyumba za mbali, akakupita wewe umekaa pale pale na kisu chako kikali cha kukatia kamba. Uliinamisha kichwa ukaendelea kusokota. Nilikuwa mdogo lakini niliona, na roho iliniuma.

Ndiyo maana siku ya yule jogoo mwekundu siisahau. Kulikuwa na msiba Misima, watu wote wamekwenda, Bibi akiwa mmoja wao. Mbwa wa jirani akamkamata jogoo wetu. Tulimfukuza kwa kelele na magongo, lakini jogoo alishavunjika bawa na paja, anapumua kwa shida. Akifa hivyo hivyo ni mzoga, na mwanamume mwingine wa kumchinja hakuwepo. Ulichukua kisu chako cha kukatia kamba.

"Nikimchinja, nani atamla?" uliuliza, kama unayemuuliza jogoo.

"Mimi," nikasema.

Ulielekea Kibla, ukapiga bismillahi, ukachinja. Tulimpika kwa vitunguu na nyanya, tukala sisi wawili mpaka tukakwangua sufuria, na manyoya tukayafukia nyuma ya choo. Bibi aliporudi akauliza jogoo wake yuko wapi. Mimi nikaropoka upesi kwamba kachukuliwa na nguchiro. Bibi alinusa hewa, akachungulia jikoni, akanitazama mdomo.

"Nguchiro gani huyo anayepika na vitunguu?"

Hakuuliza tena. Aliingia ndani, na nilimsikia akicheka peke yake. Toka siku hiyo hukuniita jina nililopewa na wazazi, na mimi sikulidai.

Halafu kuna siku ya baba Naserian. Unamkumbuka, yule Mmasai aliyehamia bondeni na ng'ombe zake, ambaye alipenda kamba zako kuliko za dukani. Alikuja akakwambia, "Athumani, twende ukaone kamba yako inavyofanya kazi." Uliteremka ukinishika bega. Aliifunga kamba shingoni mwa ng'ombe dume, akaikaza mpaka mshipa ukasimama mnene kama mpini wa jembe. Akachukua upinde mdogo na mshale uliofungwa kizuizi karibu na ncha ili usizame. Akapiga. Damu iliruka, mkewe akaikinga kwenye chombo. Ilipotosha, alilegeza kamba, akabandika udongo kidogo pale, akampiga ng'ombe kofi la mgongoni, na ng'ombe akaenda zake kula majani. Damu iliyoruka namna ile imekoma, na mwenye damu anatafuna!

Kisha mke wa baba Naserian akachukua kijiti akaanza kuikoroga ile damu, taratibu, akizungusha upande mmoja tu. Alipokitoa, kijiti kilikuwa kimevaa nyuzi. Nyuzi kabisa, Mjomba, zimejisokota kukizunguka, zinavutika, nyekundu iliyochujuka. Baba Naserian akatueleza kwamba zisipotolewa, damu yote inaganda. Zikishatolewa, inabaki maji na wao wanaweza kuinywa. Sisi Waislamu hatunywi damu, lakini wewe uliomba kile kijiti. Uliziosha zile nyuzi kwa maji ya kibuyu mpaka zikawa nyeupe, ukazivuta kati ya vidole vyako viwili kama ulivyokuwa ukiijaribu katani kabla ya kusokota.

"Kumbe damu ina katani," ulisema.

Njiani, tulipopanda kile kilima cha mwisho, ukasimama kupumzisha goti. "Yule ng'ombe kafungwa kamba, kapigwa mshale, na sasa hivi anakula majani. Mimi nikijigonga kwenye kigoda nalala wiki. Zile nyuzi, Nguchiro, mimi sikupewa." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema hakupewa urefu au hakupewa sauti nzuri. Mimi nililia, ukanifuta machozi kwa kiganja chenye kovu.

Ulitutoka nikiwa binti mkubwa, karibu kuolewa. Mvua ilikuwa imenyesha, ukateleza njia ya kisimani ukajigonga kichwa. Halikutoka tone hata moja, na kila mtu akashukuru, Athumani leo kapona, damu haijatoka. Ulisema kichwa kinauma kidogo, ukaenda kujilaza. Hatukujua kwamba damu inaweza kumwagika kwa ndani, mahali ambapo hakuna wa kuinua mkono juu wala wa kufunga kitambaa.

Sasa nikwambie ya kwangu. Niliolewa na Msambaa wa Lutindi. Ungempenda, ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa mtambo unaosaga majani na kutoa katani, ambao wenyewe wanauita korona, na jina hilo ni la zamani kuliko ule ugonjwa. Tuna mtoto mmoja, Zuberi. Alipoanza kutambaa alikuwa na mabaka meusi mapajani na kifuani, mahali ambapo hakuna aliyemgusa. Nilidhani ni ngozi yake. Alipoanza shule, siku moja alirudi akichechemea. Nilipandisha kaptula yake, na mbele yangu likawepo goti lako.

Lile lile, Mjomba. La moto, la mviringo, linang'aa. Nilikaa chini sakafuni.

Wakwe zangu walihangaika kwa moyo wote, lazima niseme hivyo. Kwa Wasambaa mtoto ni wa baba, na baba mkwe alisema mtoto ni wao na ugonjwa wake wataubeba wao. Akaanza kuutafuta kwenye ukoo wake. Alisafisha makaburi ya wazee wake kule Lutindi, akachinja mbuzi, akaita ndugu walionuniana akawapatanisha. Kila mtu alikumbuka kosa lake. Shangazi mmoja alirudisha chungu alichokiazima zamani. Mimi nilipika, nikagawa chakula, nikanyamaza. Kwetu Wazigua wazee waliuhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilijua wanachimba pasipo. Lakini mwanamke aliyeolewa anasemaje, mbele ya wakwe, kwamba ugonjwa kaja nao yeye? Nilijiona nimeshafunga mizigo ya kurudi Kwaluguru, Zuberi amebaki.

Ikafika likizo ambayo wavulana wa ukoo hutahiriwa pamoja. Siku hizi si porini, anaitwa mganga wa zahanati na vifaa vyake, watoto wanafanyiwa nyumbani kwa babu, na ngoma inapigwa. Zuberi alikuwa na furaha, ameshonewa kanzu, niliyeishona ni mimi. Tulifika Lutindi kukiwa na ukungu mlimani na wanawake wanatwanga. Nilimwona yule mganga akipanga vifaa vyake juu ya kitambaa cheupe, kwa kazi ya kesho, na akilini nikamwona Bibi amekaa mlangoni Kwaluguru.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya baba mkwe. "Baba, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Ugonjwa wa Zuberi mnautafuta kwenu. Kwenu haupo. Umekuja na mimi."

Nikamweleza habari zako zote. Magoti, kiganja, kaka yako ambaye hakurudi, Bibi alivyokuficha. Kinu kilinyamaza. Mama mkwe alishika kichwa. "Yaani muda wote huu tunawasumbua wafu wa watu, kumbe!" Wengine walicheka, yeye hakucheka. Mume wangu alikuja akapiga magoti kando yangu, na hilo sitamsahaulia.

Baba mkwe alinitazama. "Huyo mjomba wako hakutahiriwa kabisa?"

"Hakutahiriwa, baba."

"Na aliishi mpaka akaota mvi?"

"Mvi na magoti mabovu, baba."

Alifikiri. "Basi bibi yako aliwazidi akili wazee wa kijiji kizima," alisema. "Zuberi kesho haguswi. Mpelekeni hospitali kubwa. Na wewe inuka, mama, nguo yako inachafuka."

Huko hospitali kubwa tulikutana na daktari mwanamke, mpole, mwenye sauti ya chini. Kabla hajamgusa mtoto aliniuliza: "Mama, upande wa mama yako kuna mwanamume yeyote aliyekuwa akivimba magoti bila kugongwa, au akikatwa damu inakoma kisha inaanza tena?" Mjomba, alikuulizia wewe. Hajawahi kufika Kwaluguru, hajui kigoda chako, na anaulizia goti lako la kulia. Nililia mpaka Zuberi akaanza kunibembeleza. Miaka yote ile watu walikuita mvivu, na mahali fulani kulikuwa na watu wanaolijua jambo lako kwa jina. Linaitwa himofilia.

Nilimuuliza mengi, na alikuwa na subira. Alisema mshipa ukikatwa, wa kwanza kufanya kazi ni mshipa wenyewe: unajibana, njia inakuwa nyembamba. Halafu zipo chembe ndogo sana, bapa, wanaziita chembe sahani, ambazo maisha yao yote zinapita kwenye damu bila kumgusa mtu. Ukuta wa mshipa ukipasuka, zinakutana na kilichoko nyuma ya ukuta, na hapo hapo zinabadilika umbo. Zinaota miiba, zinanata, zinaziita nyingine, zinarundikana mpaka tundu linaziba. Hizo ndizo zilizokuwa zikikufungia mkato wa wembe. Zako zilikuwa nzima kabisa. Ila kizibo chake ni cha kushikiza tu, kama tope kwenye ufa, na kwa jeraha kubwa hakidumu mpaka kishikwe na nyuzi.

Alipotamka "nyuzi" nilimshika mume wangu mkono.

Nyuzi zenyewe, alisema, hazipiti kwenye damu zikiwa nyuzi, maana zingetuziba wote. Zinapita zikiwa zimeyeyuka, hazionekani, zinasubiri. Na ipo safu nzima ya protini nyingine, nyingi zinatengenezwa na ini, ambazo madaktari wamezipa namba. Kila moja imelala mpaka iamshwe na iliyo mbele yake. Ikiamka inaamsha nyingi zaidi, nazo zinaamsha nyingine, na ya mwisho kabisa ndiyo inayozikata zile zilizoyeyuka ziwe uzi. Uzi unashikana na uzi. Wavu unafumwa pale pale kwenye jeraha, chembe nyekundu zinanasa ndani yake, na mlango unafungwa. Yote hayo yanafanyika wakati mimi bado natafuta kitambaa. Nimeshona miaka mingi na sijawahi kuona ufundi wa namna hiyo, usio na mkono wala jicho wala taa.

Zuberi hana protini ya nane, au anayo kidogo mno. Hapo mume wangu akasema. "Ni kama kazini kwetu. Mkonge umejaa shambani, wakataji wapo, trekta lipo, mtambo unazunguka. Yule wa kulisha majani kwenye korona asipokuja, hupati katani. Na mkonge upo." Daktari alicheka, akasema mfano huo atauazima.

Na mimi nilicheka nao, lakini nilikuwa nimerudi kwenye kile kilima, wewe umesimama unapumzisha goti. Ulikosea, Mjomba. Nyuzi ulipewa. Zilikuwa zimejaa mwili mzima, sawasawa na za yule ng'ombe, zinapita mkononi mwako kila siku ulipokuwa ukisokota kamba. Aliyekosekana ni mmoja tu kwenye safu, na nyuzi zako zikakaa maisha yote zikisubiri kuitwa. Sijui kwa nini jambo hili linanifariji kiasi hiki, lakini linanifariji. Hukuzaliwa pungufu kama ulivyodhani.

Tena akaniambia jambo hili linapita kwa mama. Sisi wanawake tunalibeba, mara nyingi bila kujua, na linatokeza kwa watoto wetu wa kiume, si wote, wengine linawaruka. Kwa Bibi kwenda kwa mama, kwa mama kuja kwangu. Ni njia ile ile ambayo wazee wetu waliuhesabia ukoo. Walioona damu inapita wapi hawakuwa wamekosea sana.

Nikamuuliza swali moja la mwisho, na ndilo ambalo mpaka leo linanikosesha utulivu. Damu ikishaanza kuganda, nani anaiambia iache? Safu inayoamshana namna ile, kwa nini isiendelee mpaka damu yote mwilini iwe kama ile ya kwenye chombo cha baba Naserian ambayo haikukorogwa? Daktari alitabasamu. Alisema ukuta mzima wa mshipa wenyewe unakataa. Popote usipopasuka, unaizuia kazi ile isisogee. Zipo na protini nyingine zinazopita nyuma zikizima zilizoamka. Na kidonda kikishapona chini, wanakuja wa kuufumua ule wavu, uzi kwa uzi, mpaka njia inakuwa kama zamani. Ikikosea upande mmoja, ni wewe na Zuberi. Ikikosea upande wa pili, inaganda mahali pasipotakiwa, inaziba mapafu au kichwa, na mtu aliyekuwa akicheka anaanguka. Na sisi wengine tunatembea katikati hapo, tukinunua nyanya, tukigombana na wateja. Subhanallah, Mjomba. Sina neno jingine.

Zuberi alitahiriwa kule kule hospitali. Walimchoma kwanza dawa mshipani, ambayo ni ile protini yenyewe anayoikosa, wakampa na baadaye tena. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama bandeji nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kuona wekundu unatokea pembeni, kama kitambaa cha Bibi. Siku ya kwanza haukutokea. Siku iliyofuata, ambayo ndiyo damu yako ilikuwa ikianza upya, niliacha hata kula, na bandeji ikabaki nyeupe. Ndani yake nyuzi za mjukuu wako zilikuwa zimeitwa, na zimeitika. Zuberi aliniuliza kwa nini natazama kitambaa hicho utadhani ni televisheni.

Hajapona, nisikudanganye. Dawa haipatikani kila mahali, kuna siku goti linavimba na tunakimbia, na kuhusu mpira wa miguu mimi na yeye hatuelewani. Lakini akijigonga kichwa, hata lisipotoka tone, sisubiri. Hilo umenifundisha wewe.

Tulipompeleka Lutindi akiwa amepona, baba mkwe alikuwa amemtenga jogoo mkubwa. Aliketi, akanoa kisu, kisha akaniita.

"Mama Zuberi, yule mjomba wako aliitwa nani?"

"Athumani, baba."

"Na mnasema hakuna aliyekula alichochinja?"

"Hawakula, baba." Niliinamisha macho, maana hapo palikuwa na uongo mdogo.

Alikaa na kisu mkononi. Wajukuu wote walikuwa wamemzunguka, Zuberi mbele yao na kanzu yake. "Basi sikilizeni," aliwaambia. "Jogoo huyu ni wa babu yenu Athumani wa Kwaluguru. Ndiye aliyetulindia huyu mtoto. Angekuwepo leo, kisu hiki ningempa yeye achinje, na mimi ningekuwa wa kwanza kula." Kisha akapiga bismillahi akachinja mwenyewe, kwa niaba yako.

Habari za nguchiro sikuwaambia. Watazisoma humu, kama wewe. Jogoo yule alikuwa mnono, mama mkwe alimuunga nazi, na nilikula kadiri heshima inavyoruhusu mbele ya wakwe. Magoti yako yapumzike, Mjomba, na nyuzi zako nazo. Jogoo wako alikuwa mtamu zaidi.

Mpwa wako aliyekula,
Nguchiro